Unga Mweusi wa Godbless

Mdogo wangu Godbless alirudi kutoka ng'ambo Krismasi ya mwaka 2002 na kopo la unga mweusi, na kabla hajamaliza chai alikwishaanza kutufundisha. Alikuwa anasomea plastiki. Ndiyo, kuna watu wanasomea plastiki. Unga ule, alisema, ni vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu. Ukichanganya kidogo tu kwenye plastiki kuukuu, ya madumu na ya makreti, inakuwa imara ajabu.

Akampa baba kipande alichokitengeneza maabara. Baba, Mzee Aminieli, alikikunja, akakigonga kwa nyundo. Hakikupasuka. Baba akacheka kwa furaha, na mimi nikachukia, maana nilishajua mwanawe anataka nini.

Alitaka mfongo wetu, mtaro uliochimbwa na ukoo ili kuleta maji ya mto mpaka kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Baba ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Yeye ndiye aliyepanga leo maji yaende kwa nani, na siku ya kuuzibua, asiyekuja na jembe alikosa zamu. Godbless akasema mfongo unapoteza nusu ya maji njiani. Tulaze bomba, tuufukie.

"Na likipasuka?" baba aliuliza.

"Baba, si umeligonga mwenyewe?"

Basi. Msomi amesema.

Mabomba yalitengenezwa kwenye banda moja Shirimatunda, kwa mashine chakavu. Kule maabara alikoroga taratibu, kidogo kidogo. Huku alikuwa na haraka ya kurudi chuoni, na mabomba ya kwanza yalipotoka yamelegea, akaongeza unga, akaongeza tena. Sasa unga ule hushikamana wenyewe kwa wenyewe. Ukizidi na usikorogwe vizuri, unafanya madonge kama uji wa mvivu, na kila donge ni mahali pa ufa kuanzia. Isitoshe, plastiki ya dumu na ya kreti hazishikani vizuri. Mabomba yalitoka meusi, magumu, yanang'aa. Tuliyasifu sana. Hakuna aliyeleta nyundo.

Mfongo tukaufukia. Baba ndiye aliyemwaga koleo la kwanza la udongo, na Godbless akaondoka wiki ileile.

Julai, baridi ilipokaza, bomba likaanza kupasuka. Halikuvuja, lilikatika vipandevipande. Tukiunga hapa, linakatika pale. Godbless akapiga simu akaomba tumtumie vipande, nami kwa ujinga wangu nikadhani anatafuta dawa.

Baba akaamua tuufukue mfongo, akapanda kwa Rogath, jirani wa juu, ambaye mfongo ulipita kwake. Nilimsindikiza. Tulikuta migomba michanga imesimama juu ya mfongo wetu.

"Shikamoo, baba," Rogath alisema kwa heshima zote. "Mfongo usiozibuliwa msimu mzima hauna mwenyewe. Wewe ndiye uliyeamua hivyo kwenye kesi ya marehemu baba yangu."

Baba alikuwa ameamua hivyo kweli. Tulirudi nyumbani, na mwezi huo tukauza ng'ombe kwa kukosa maji.

Mwaka uliofuata Godbless akapiga simu, anacheka mwenyewe. Vile vipande vimempatia shahada. Ameonyesha ni kiasi gani cha unga kinaipa plastiki nguvu, na kikizidi, au kikikorogwa vibaya, inavunjika upesi. Maprofesa wamempa mkono.

"Dada, mwambie baba nimefaulu!"

Baba alikuwa anaingia uani na ndoo ya maji. Akaitua, akashika kiuno.

"Amefaulu nini?"

"Amegundua kwa nini mabomba yalipasuka."

Baba akajifuta jasho kwa kofia yake.

"Mpe hongera," akasema. "Ila usimwambie kwamba maji naomba kwa Rogath."

Nikampa hongera. Na la Rogath nikamwambia pia, polepole, neno kwa neno, mpaka akaacha kucheka.