Kikombe Alichoondoka Nacho Nthambi

Pale Maturubai leo huoni kitu. Ukitoka Voi kwa gari la moshi kuelekea Maungu, ukichungulia dirishani ni miba na vumbi jekundu, na pengine punda milia wawili watatu. Lakini miaka ile bomba la kupeleka maji Mombasa lilipokuwa likilazwa, pale palikuwa mji. Mahema na mabanda, nakubali, lakini mji: duka la Mhindi, washona nguo, kinyozi, kilabu cha pombe, na mgahawa mmoja wa maana, wangu mimi Mwanabibi binti Mahmud. Kwetu ni Voi, nyuma ya msikiti. Nilifuata wateja. Watu walisema mengi, mwanamke peke yake porini, na hao hao waliosema wakaja baadaye kula mahamri yangu.

Mimi sikuzaa. Asiye na mwana aeleke jiwe, na jiwe langu lilikuwa ule mgahawa. Niliulinda vilivyo. Wachimba mitaro walikuwa wezi wa vikombe, sijui walivipeleka wapi, basi vyangu vya bati nikavifunga kwa kamba mezani, kimoja kimoja. Mtu akitaka chai ainame. Walinicheka, wakaniita mfunga mbuzi, lakini vikombe vikabaki. Aliyewahi kukata kamba nilimkimbiza mpaka relini, na kikombe nikarudi nacho.

Sasa, vijana walishuka kutoka milimani na kutoka Ukambani kufuata kazi ya bomba. Mwanzoni walituma salamu nyumbani. Kisha kimya. Baada ya kimya wakaja mama zao, wengine kwa miguu, wengine juu ya lori za mkonge kutoka Mwatate, wakasimama mlangoni kwangu na vikapu vyao kuuliza. Nani angewajibu? Kambini kila mtu alikuwa na jina la utani, na vijana walikuwa na mapatano yao: mama akija kuuliza, hakuna anayemjua mtu. Kuna aliyekimbia mke, kuna aliyekimbia kodi, kuna aliyekimbia baba. Leo ukimtaja mwenzako, kesho nawe utatajwa. Nami nilikuwa nikinyamaza. Mwuza chakula akianza kuwataja wateja wake atabaki na sufuria zake.

Mmoja wa mama hao alikuwa Nthambi, Mkamba wa upande wa Kibwezi, mrefu, mchache wa maneno. Alimtafuta mwanawe Kimeu, mwenye kovu juu ya jicho. Alikuwa ameuliza mahema yote, wasimamizi wote, hata makarani. Alipochoka kuzunguka alikaa kwangu akawa ananioshea vyombo, na kila mteja aliyeingia alimwuliza swali lile lile, mikono ikiwa majini. Hakuna aliyemjua Kimeu. Nilimpa mahali pa kulala stoo, juu ya magunia, maana ningefanyaje.

Kisha akaja Wakio kutoka Ronge, huko milimani kwa Wataita. Mama wa kanisa huyo, kitambaa cheupe kichwani, viatu mkononi ili visiishe. Mwanawe ni Fanuel. Nikamwambia kama nilivyowaambia wote, simjui Fanuel. Yeye akaanza kumweleza Nthambi: kijana mwembamba, anacheka upande mmoja, tena alichukua kabuti la marehemu baba yake, kabuti zito la jeshi, na kwa alivyo anaweza kuwa analivaa hata huku kwenye joto. Nilikuwa nakanda unga. Mikono yangu ilisimama. Maturubai nzima ilimjua mtu huyo. Tulimwita Kabuti, na kila Jumapili adhuhuri alikula kwangu, meza ya mwisho.

Nilifikiria wateja wangu. Nilifikiria sana, sitasema uongo. Halafu nikamtazama yule mama amekaa na viatu mapajani, nikaona hasira, sijui ya nani. Nikamwambia Jumapili asiende kokote, apike jikoni kwangu chakula chochote cha kwao.

Akapika kimanga, mihogo na maharage yamepondwa pamoja, ndicho chakula chao Wataita. Kabuti akaingia adhuhuri kama kawaida, akakaa, na mama yake akatoka jikoni na sahani. Kijana alisimama. Nilidhani atakimbia, nikajisogeza mlangoni, maana mimi si mdogo. Hakukimbia. Alimwamkia mama yake kwa adabu, akakaa tena, na mama akaweka sahani mbele yake. Nthambi, hata hapo, akamwuliza: mwanangu, Kimeu humjui, mwenye kovu hapa? Akasema hamjui. Akaangalia mikono yake.

Na chakula hakukigusa. Mama akasema kula, kijana akasema baadaye. Mama akasema kula kinapoa, kijana akasema hana njaa, na tumbo lake tulilisikia sote. Basi Wakio akakaa kitako mbele yake akamwuliza kwa nini.

"Mao," Fanuel akasema, ndivyo wanavyomwita mama, "tangu siku ile niliyoondoka na kabuti nimevunjika mkono, na homa hainitoki. Una hasira nami. Siwezi kula mkononi mwako mpaka utase."

Mimi sikujua kutasa ni nini, nikaelezwa baadaye. Kwao, mzazi akimkasirikia mtoto, ile hasira hukaa moyoni mwa mzazi na kumwumiza mtoto huko aliko, hata mzazi asipotaka. Dawa yake ni mzazi kupiga funda la maji, au pombe, au maji ya miwa, ayapulize nje huku akiitaja hasira yenyewe, na akimtakia mtoto uzima. Lakini haitajwi nusu. Ukificha, maji ni maji tu.

Wakio akamwambia ameshabatizwa. Mambo hayo aliyaacha zamani, mwalimu wa dini aliyakataza, na yeye ni mkubwa katika kina mama wa kanisa. Isitoshe alimsamehe zamani, alisali mbele ya kanisa zima. Nikaona vituko: mtoto mwenye suruali na saa ya mkononi ndiye anayetaka mambo ya mababu, na mama wa kijijini ndiye anayekataa.

"Ulisamehe kanisani," Fanuel akasema. "Mimi sikusikia."

Akaanza kufunga vifungo vya lile kabuti. Cha kwanza, cha pili. Wakio alivitazama vile vifungo. Alikuwa ametoka Ronge kwa miguu mpaka Mwatate, amelala vichakani, amempata mwanawe, na mwanawe anaondoka hajala. Akanigeukia akaniomba maji. Nikamletea kwenye jagi, na kikombe kikawa kimefungwa. Nikachukua kisu nikakata kamba. Nilitaka kumwambia asinimwagie sakafuni, nimetoka kufagia, lakini nikamjazia tu.

Akapiga funda. Alikaa nalo mdomoni muda mrefu, mashavu yamejaa, macho yamefumbwa. Nilidhani atameza. Kisha akalipuliza pwaa, na sauti iliyofuata haikuwa ya kanisani.

"Nilikukasirikia, Fanuel. Baba yako alikata roho akiangalia mlango. Ulipofika tulikuwa tumeshamzika, na hukuuliza alisema nini. Uliuliza kabuti." Akapiga funda jingine akapuliza. "Sasa imetoka. Kula, lala, fanya kazi, usiumwe."

Fanuel akavuta sahani. Alikula machozi yakimdondokea chakulani, na mama yake akamtazama kila tonge mpaka linapita kooni. Nami nililia, kwa nini nifiche. Nikasingizia moshi.

Tukiwa hivyo Nthambi akaacha vyombo. Akajifuta mikono, akaja, akachukua kile kikombe kutoka mkononi mwa Wakio. Si mila yao ile, wao wana zao. Akatoka mpaka kizingitini, akaelekea barabara ambako hapakuwa na mtu, na akapiga funda. Akapuliza.

"Kimeu," akasema, "uliniaga nikakunyima mkono. Nilisema ukienda usirudi. Nilisema kwa hasira. Imetoka. Rudi." Kisha akamgeukia Fanuel, akamwuliza kama mtu anayeuliza njia: "Akiwa mbali sana, yanafika?"

Fanuel alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha sahanini.

"Yanafika, mwaitu," akasema.

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Mtaita yule hakuwa na neno jingine hata moja la Kikamba, nilikuwa nikimsikia kila Jumapili. Nthambi akamtazama. Alimtazama mpaka kijana akashindwa kuinua macho.

"Neno hilo ulilisikia kwa nani?"

"Kwake yeye. Homa ilipompanda alikuwa akiliita usiku kucha." Akaisogeza sahani kando. "Ni kabla mgahawa huu haujafunguliwa. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa."

Nthambi hakulia. Aliuliza wapi tu. Fanuel akamwambia ni ng'ambo ya reli, penye mgunga, waliweka mawe ili fisi wasifukue, na anaweza kupaonyesha. Wakio akavaa viatu vyake, vile alivyokuwa akivibeba, akamshika Nthambi mkono, na wakatoka watatu, kijana mbele na kabuti lake.

Nilisimama mlangoni. Nthambi alikuwa bado ameshika kikombe changu, na kipande cha kamba kikining'inia. Niliona vizuri. Nikarudi ndani, nikajaza jagi maji, nikamtuma mtu awakimbilie nalo.