Pengwini wa Hendrikje

Mgeni hakanyagi kisiwa cha Nightingale bila mwenyeji, ndiyo maana mimi na binamu yangu Selwyn tulichukuliwa kutoka kisiwani kwetu, Tristan, asubuhi ile na meli ya watalii. Bahari ilikuwa inapumua tu, haijakasirika. Meli ikatia nanga, boti za mpira zikateremshwa, watu wakapanga foleni na maboya yao kifuani.

Mbele kabisa alisimama Hendrikje, mwalimu mstaafu wa Kiholanzi, mkono wake umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Meli ilipoyumba njiani aliteleza bafuni. Daktari wa meli alikuwa amemzibia njia.

"Pale mtu anaruka kutoka botini hadi mwambani, mama. Anashika kamba kwa mikono miwili."

"Nitashika kwa meno."

Daktari hakucheka. "Huendi."

Nyuma ya Hendrikje alikuwapo mumewe, Wouter, fundi wa mabomba mwenye kitambi. Wakati wa chai alikuwa ameniambia kwamba yeye anajua ndege wa aina mbili: wa kuliwa na wa kuchafua magari. Safari ilikuwa ya mkewe, aliyeitamani tangu ujana. Yeye alikuja kutapika.

"Basi na mimi nabaki," akasema, na uso wake ukapata nuru.

"Unakwenda," alisema Hendrikje. "Mimi siwezi, wewe ndiye utakuwa macho yangu. Dulcie, binti yangu, mpe huyu redio ya mkononi."

Nikampa. Kule mwambani Selwyn alisubiri wimbi liinue boti. "Ruka! Sasa, mzee, siyo kesho!" Wouter akaruka, akatua kwa magoti kwenye kinyesi cha ndege. Pengwini mmoja akamsogelea, akamdonoa buti.

"Nimefika," akasema kwenye redio. "Kunanuka."

"Najua kunanuka! Wakoje?"

"Weusi kwa weupe."

"Wouter! Hata aliyebaki Uholanzi anajua hilo. Nyusi zao?"

Redio zote za msafara zilikuwa kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo tulisikia watu wakicheka melini. Wouter akaona haya. Akachuchumaa amtazame vizuri yule aliyemdonoa.

"Za njano. Ndefu, zimetawanyika, kama za mjomba wako Govert akiamka. Macho mekundu. Huyu hajalala."

"Haya, endelea."

Akaendelea. Alimsimulia habari za pengwini mmoja aliyekuwa anatoka majini: wimbi limemtupa mwambani, limemvuta, amerudi, ameteleza kwa tumbo. "Amepanda. Ameanguka. Amepanda tena... Hendrikje, huyu mjinga hakati tamaa! Haya, kafika! Kafika!" Mzee alikuwa anapiga kelele kama yuko uwanjani. Yule pengwini akajikung'uta, akaruka jiwe kwa jiwe hadi kwa mwenzake aliyekuwa kiotani, na wote wawili wakainua midomo na kupayuka.

"Sasa wanagombana," alisema Wouter.

"Wanasalimiana," nikamwambia.

"Dulcie anasema wanasalimiana. Mimi nasikia kama sisi tukigombana."

"Isogeze redio karibu nao," alisema Hendrikje.

Wouter akalala kifudifudi kwenye tope, akanyoosha mkono. Hakuna aliyecheka tena.

Baadaye niliwapandisha wageni kwenye nyasi ndefu, na hapo tukamkuta albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, amekaa kwenye kiota chake cha udongo, karibu na njia. Wouter alisimama, redio mkononi, hasemi.

"Umezima?"

"Hapana. Ananitazama."

"Nani?"

"Albatrosi. Amepakwa wanja. Mdomo mweusi, una mstari wa njano juu. Sijui niseme nini, Hendrikje. Ungekuwapo wewe."

"Umeshasema," mkewe alijibu.

Upepo uligeuka, Selwyn akatuita, tukashuka haraka. Melini Hendrikje alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba. Alimpiga mumewe begani kwa mkono mzima.

"Albatrosi kiotani! Wewe! Wewe usiyejua bata na kuku!"

"Nikuombe radhi?"

"Usiombe. Kaa, nisimulie tena, na usirukeruke."

Meli ilipoturudisha Tristan, bandari yetu ilikuwa shwari, na daktari mwenyewe alimsaidia Hendrikje kushuka. Niliwakaribisha kwangu, nikawakaangia viazi. Wouter alikula sahani nzima huku akimweleza mama yangu, aliyezaliwa kisiwani hapa, jinsi pengwini anavyopanda mwamba.

"Kwa tumbo?" mama akauliza kwa adabu.

"Kwa miguu, mama! Tumbo ni pale anapoteleza."

"Ni kwa miguu na kucha," Hendrikje alimsahihisha mumewe, akamwongezea viazi.