Herufi Ndogo Zilitangulia

Mkwe wangu hulipua mwamba machimboni, mimi naponda kokoto. Yeye anaanza kwa kishindo, mimi namalizia kwa nyundo. Ndiyo maana tunapatana.

Mashimo ya baruti ya mstari wa mbele huitwa kwa herufi kubwa, ya nyuma kwa ndogo. A, B na C zikishafungua njia, ndipo a, b na c zifuate. Binti yangu, mkewe, aliandika programu ya kuyapanga, na mtambo wa kulipulia hufuata mpangilio huo.

Kompyuta ilikufa, ikaletwa mpya. Programu ni ile ile. Mkwe akabonyeza.

Ikalipuka a ndogo. Mwamba ulikosa pa kutokea, ukaruka juu. Jiwe likamkata msimamizi mkono kwenye kiwiko. Mkono ukatua kando ya karai langu, saa bado inatembea.

Mdogo wa msimamizi, dereva wa lori, akamvunja mkwe wangu pua kwa kichwa, kisha mbavu kwa teke. Zililia kama kuni kavu. Akanyanyua nyundo ya mawe.

"Umelewa, mshenzi wewe."

"Sijaonja kitu," mkwe akasema, akatema jino.

Binti akaja mbio na kompyuta. "Shemeji, ngoja. Mashine hii imewekewa mpangilio wa lugha, kama kamusi: a ndogo, A kubwa, b ndogo, B kubwa. Ile ya zamani ilitanguliza kubwa zote. Programu yangu haikusema inataka upi, ikafuata wa mashine. Kosa ni langu, si la mume wangu."

"Basi na nyundo ni yako."

Akamgeukia binti. Mimi niliishia darasa la nne, lakini goti najua lilipo. Nikamtandika la kushoto kwa kinyundo changu. Likapasuka, akaenda chini.

"Leo ndogo zinatangulia, mwanangu," nikamwambia.

Wachimbaji wakamzunguka binti na masururu yao. Akaandika mstari mmoja: herufi zipangwe kwa namba zao za ndani ya kompyuta, ambako kubwa hutangulia, mashine iwe ya lugha yoyote. Akawaonyesha. Kubwa zote zikatokea mbele. Masururu yakashuka, moja moja, kwa kinyongo.

Tukawapakia majeruhi. Mkwe alikuwa anakoroma damu, na aliyejua kuendesha lori ni yule niliyempasua goti. Tukampachika kwenye usukani akilia. Mimi nikabanana naye, nyundo mapajani, nikimkanyagia klachi.

"Bibi, taratibu," akasema.

"Wewe endesha, mume wangu," nikamjibu. "Mkwe wangu akifa njiani, unalo goti jingine."

Hakusimama hata kwenye matuta.