Uso wa Mkurugenzi Symphorien

"Mama Hortense, umufanye acheke kidogo," Sephora alisema, huku akimwonyesha simu yenye picha ya baba yake. "Papa alikuwaka muntu wa kucheka."

Hortense hakuitazama picha. Uso ule aliujua vizuri kuliko alivyotaka. Upande wa kushoto alikuwa amekwisha kuupaka: shavu limepata rangi, weusi wa chini ya jicho umefunikwa na poda, kona ya mdomo imelegea kama ya mtu anayesinzia baada ya kula. Upande wa kulia ulikuwa bado maiti. Ndivyo alivyozoea kufanya tangu siku zake za sinema, kumaliza upande mmoja kwanza, ili ule mwingine umwonyeshe kazi imefika wapi.

"Muntu wa kufa hachekake, ma fille," alijibu. "Nitamuweka tu na amani."

Amani hiyo angeitoa wapi, hata yeye hakujua. Mkono ulikuwa ukifanya kazi, lakini moyo ulikuwa ukichemka tangu alipofunua shuka asubuhi na kumkuta ni yeye.

Maana aliyelala pale ndiye aliyeiua filamu yao. Symphorien alikuwa mkurugenzi wa Mfuko wa Sinema, na Mfuko ulikuwa umetoa pesa za serikali ili mji wa Likasi nao upate filamu yake. Zéphirin ndiye aliyeandika na kuongoza. Hadithi yenyewe ilikuwa ya mfanyakazi wa mgodi aliyefukuzwa, ambaye kila asubuhi huvaa nguo zake za kazi na kwenda kukaa mbele ya lango. Aliyeicheza alikuwa Eugène, mume wa Hortense, naye hakuhitaji kufundishwa, kwa sababu alifukuzwa kweli. Kilichokosekana ni uzee tu. Basi kila alfajiri, huko Shituru na kwenye vilima vya Kambove, Hortense alimkalisha mumewe kwenye ndoo na kumzeesha: mvi, mikunjo, madoa ya mikono. Eugène alikuwa akimtania. "Unipake muzuri, nione vile utanipenda nikikuwa muzee."

Kabla filamu haijakatwa na kuunganishwa, Symphorien alikuja na gari na watu wawili, akaichukua disque, diski nyeusi yenye picha zote. Alisema ni mali ya Serikali mpaka dossier, yaani faili, ikamilike. Dossier ya nini, hakuna aliyeambiwa. Mfuko ukanunua gari jingine. Ukafanya semina hotelini juu ya mustakabali wa sinema ya taifa, watu wakala kuku, wakapigwa picha, wakarudi kwao. Msimu wa mvua uliofuata Eugène alifariki, na uzee ule aliopakwa hakuufikia. Zéphirin aliuza taa zake nyingi, akabaki anapiga picha za harusi, za wachungaji na za mazishi. Hortense akaja kupaka nyuso za maiti kwenye morgi ya hospitali, ambako hakuna anayesubiri pesa za Mfuko.

Na leo, ebu fikiria! Nje kulikuwa na kamera mbili za kurekodi mazishi, jenereta, mahema, na fulana zenye sura ya marehemu kifuani. Likasi haikuwahi kupata filamu iliyogharimiwa namna ile. Hortense alipomwona Zéphirin akiingia na mguu wa taa begani, alitaka kucheka, lakini kilichomjia kilikuwa hasira.

"Balikukodi na weye?" aliuliza.

"Balinikodi," Zéphirin alisema, akisimamisha taa kushoto mwa kitanda.

Ndipo Papa Séraphin, mdogo wake marehemu, akasimama mlangoni na wazee wa ukoo. Alikuwa amekuja kufanya kile kinachofanywa kwao kila mara kabla ya kufunga sanduku.

"Tunauliza mbele ya bote," alisema. "Kama muntu iko na neno na marehemu, aseme sasa. Asiende na muzigo."

Kwa kawaida watu hukaa kimya, au mwenye baa hukohoa na kutaja deni la bia. Hortense aliweka brashi chini.

"Miye niko na neno."

Wazee wakageuka. Hata mwenye kupaka nyuso za maiti naye anadai?

"Ni makuta, deni la pesa?" Séraphin aliuliza.

"Hapana. Ni disque. Ile alinyanganya Zéphirin. Filme yetu iko mule. Bwana yangu iko mule, anasema."

Séraphin alimtazama Sephora. Swali alikwisha kuliuliza mbele ya wazee, hakuweza kulimeza tena.

"Ile nyeusi?" Sephora alisema. "Iko ku nyumba, mu kabati ya papa. Naenda kuileta."

Akaondoka kwa gari, akikaribia kufurahi, kama mtu aliyekuta mzigo wa baba yake ni mwepesi. Hortense akasimama kando ya kitanda, upande wa kulia hakuugusa. Picha za Eugène alikuwa nazo nyumbani, mbili, zote amenuna mbele ya kamera ya studio. Sauti ndiyo hakuwa nayo. Ilikuwa imeanza kumtoka masikioni, na jambo hilo lilimtisha kuliko kaburi lenyewe.

"Ukifungua," alimwambia Zéphirin, "unipe sauti kwanza. Picha nitaona nyuma."

"Weye wa kwanza, mama."

Gari lilirudi. Zéphirin akaweka kompyuta yake juu ya meza ya glavu, akaunganisha disque, akamvalisha Hortense visikizi kichwani kwa mikono miwili. Muziki ukamlipukia masikioni. Kwenye kioo alitokea bibi arusi, na nyuma yake Symphorien akicheza, akimbandikia noti kwenye paji la uso. Zéphirin alifungua faili nyingine. Kanisa. Nyingine. Ukumbi. Nyingine, keki ya ghorofa sita ikikatwa polepole. Alifungua zote, kisha akarudia kuzifungua, mpaka Hortense akavua visikizi mwenyewe.

"Njo arusi yangu," Sephora alisema, na furaha yake ilidumu mpaka alipowatazama usoni. "Papa alisemaka ile disque ni ya bure. Ati hamukuwa na kitu ndani."

"Hamukuwa na kitu," Hortense alirudia.

"Sikujua, mama. Kweli, sikujua."

Hortense aliamini, na hilo likamuumiza zaidi, kwa sababu hasira yake ilikosa pa kwenda isipokuwa kitandani.

"Balifuta bwana yangu," alisema taratibu, ili kila mzee asikie, "juu bapate nafasi ya keki."

Séraphin alijikuna shingo.

"Pole, mama. Lakini disque tulileta, si vile? Sasa malizia kazi. Batu banangojea."

Hortense aliutazama uso ule wenye pande mbili. Alifikiri kuufuta hata ule wa kushoto, ampe Symphorien sura yake yote ya kweli. Akauacha. Alipangusa brashi, moja moja, akafunga sanduku lake la rangi.

"Nimemaliza."

"Upande moja?"

"Upande moja."

"Nitaongea na docteur. Kesho hautaingia tena hapa."

"Uongee naye, papa," Hortense alisema, na kuvua glavu.

Séraphin hakuwa na muda wa kugombana. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba uani, na sanduku lilikuwa limefika mlangoni. Akamgeukia Zéphirin, akanyoosha mkono juu ya shavu la kushoto.

"Filme ule upande muzuri. Ule tu."

Zéphirin aliweka kamera begani. Taa ilikuwa tayari imesimamishwa kushoto, mahali alipoambiwa. Aliitazama kidogo. Kisha akaishika mguu, akazunguka nayo miguuni pa kitanda bila haraka, akaisimamisha kulia, na mwanga ukaanguka juu ya shavu la kijivu na mdomo uliopinda.

"Silence," alisema, kama zamani kabla ya kupiga filamu, kwa sauti ambayo mtu wa kukodiwa hawezi kuwa nayo. Na ukoo mzima, Séraphin akiwa bado amenyoosha mkono hewani, ukanyamaza.