Mluzi wa Kaka Yake

Fundi cherehani alikuwa ameketi mkekani na akina mama wenzake, msibani kwa mkandarasi wa mtaa wao, aliposikia kaka yake akisomwa kwenye kipaza sauti.

Alidhani amesikia vibaya. Akatega sikio. Mshereheshaji, sauti ikitetemeka kwa makusudi, alikuwa anasoma: "Tutaukumbuka mluzi wako, ukifunga lango kwa teke..."

Mluzi! Mkandarasi yule alikuwa na mlinzi wa kumfungia lango, na mtaani hakuna aliyewahi kumsikia hata akiguna. Aliyepiga mluzi, akafunga lango la karakana kwa teke kwa sababu mikono imejaa vyuma, alikuwa kaka yake, mchomeleaji, waliyemzika mwaka uliopita.

Siku ile ya mazishi watu walisema juu yake yaleyale wanayosema juu ya kila maiti: mpole, mcheshi, mpenda watu. Mpole! Mtu aliyegombana hata na redio! Fundi alirudi nyumbani damu ikimchemka, akajiwekea lengo moja tu: atamtungia kaka yake shairi ambalo halitamfaa mtu mwingine yeyote. Alilitunga akiwa kazini, mguu ukikanyaga cherehani, midomo ikipima mizani. Mstari uliokataa kwenda na mguu aliufumua kama mshono uliopinda. Alipolisoma kwenye kumbukumbu ya marehemu, mshereheshaji alimbembeleza ampe nakala. Akampa.

"Wifi, kuna nini?" mjane wa kaka yake alimnong'oneza.

"Husikii? Wanamgawa mume wako."

Shairi lilipokwisha, alimfuata mshereheshaji nyuma ya turubai.

"Dada, umeona watu walivyolia?" yule bwana alisema, meno yote nje. "Nimebadilisha jina tu. Limekaa kama lake!"

"Nani kakupa ruhusa?"

"Aa, dada yangu, msiba ni msiba. Kwani kaka yako atalalamika?"

"Nalalamika mimi! Nguo zake tumegawa. Karakana ina mtu mwingine. Kilichobaki ni ule mluzi, nawe umemvua huo pia, ukamvisha mtu ambaye kila kitu chake bado kipo!"

"Punguza sauti, wafiwa watasikia."

"Tumeshasikia."

Mjane wa mkandarasi alikuwa amesimama nyuma yao, khanga kichwani, macho mekundu.

"Nilikaa pale nikijiuliza, mluzi gani huu? Mume wangu kampigia nani mluzi, wakati mimi sijawahi kuusikia?"

"Hakumpigia mtu, mama," fundi alisema. "Mluzi ni wa kaka yangu."

"Basi mchukue kaka yako." Mama akamgeukia mshereheshaji. "Mpe karatasi yake."

Akapewa. Fundi aliikunja, akaitia kifuani.

"Tangu asubuhi nimesomewa watu wengine watupu," mama aliendelea, kama anayejisemea. "Wangu alikula amesimama. Kila siku, sahani mkononi, dirishani, akiyakosoa majengo ya wenzake. Niligoma kumpakulia, nikamfichia kijiko, wapi! Hakuna hata mmoja aliyelisema hilo."

"Na wala hawatalisema!" fundi alifoka. "Watasema mpole."

"Wameshasema."

Wakatazamana.

"Alikula amesimama," fundi alirudia, polepole. Mguu wake wa kulia, ndani ya kandambili, ulikuwa umeanza kukanyaga ardhi.