Chombo cha Ncha Mbili

Asubuhi mawimbi yalitupa ufukweni bidoni, dumu tupu la manjano, limefungwa kitambaa cha kichwa cha Mama Julienne. Balenyeri aliyopanda kutoka Moba, ile boti ndefu ya mbao, ilitakiwa kufika Kalemie tangu jana. Wanawake wakaanza kufumua nywele, kama wafanyavyo msibani.

“Maji yametujibu,” akasema Papa Onésime, kaka yake Mama Julienne. “Tukae kilio.”

Francine, binti wa Mama Julienne, akamkamata mkono. Kilio cha mtu wa ziwani kikishafunguliwa, hakuna mtumbwi unaogusa maji mpaka kiishe. Mama yake angekuwa huko nje anapigwa na baridi, na wao wamekaa kwenye mikeka wanamlilia!

“Papa, angalia hili fundo. Ncha imechomekwa ndani, vile anafungaka magunia ya muhogo. Kitambaa kilikuwa kichwani. Alikivua akiwa majini akafunga, tukione. Maiti haifungi fundo.”

“Mutoto wangu, na haya mawimbi? Ukigeuza mtumbwi ubavu tu, umekwisha.”

Mwalimu Aristote, ambaye mke wake Fanny alikuwa katika boti ileile, alikuwa amesimama majini na viatu vyake. Alisema kama yuko mbele ya darasa, apate kutolia.

“Balenyeri ni neno la Wafaransa. Linatoka kwa nyangumi, mnyama wa baharini mkubwa kama nyumba. Kilikuwa chombo kidogo cha kumuwindia, kimechongoka mbele na nyuma. Wakishamchoma mkuki, hawageuzi. Wanakimbia kinyumenyume.”

“Mwalimu, nyangumi wetu njo ndakala, visamaki vya kidole kimoja,” Papa Onésime akamkata.

“Na boti zetu?” Francine akauliza.

“Zetu tulizikata nyuma, motere ipate kukaa. Jina tu njo tulibakisha.”

Francine akageuka. Mtumbwi wa Papa Onésime ulikuwa umelala mchangani, mchongoko huku, mchongoko kule.

“Papa, huu haujakatwa. Nendeni mumeuelekeza kwenye wimbi. Likiwashinda, rudini bila kugeuza.”

Papa Onésime akautazama mtumbwi aliouchonga mwenyewe kana kwamba ni wa jirani. Kisha akaita wanaume wawili, akashika kasia.

Wanawake walingoja, nywele zimefumuliwa nusu, midomo imefungwa. Mtumbwi ulipanda, ukazama, ukapotea. Jua lilipofika utosini, ukaonekana unarudi kinyumenyume, wapiga kasia wamewapa mgongo watu wa pwani. Migongo ile ilificha kila kitu. Francine aliingia majini mpaka kifuani, haoni, anaita, hajibiwi.

Ndipo sauti iliyokauka ikatoka nyuma ya migongo: “Francine... bidoni lilifika?”

Wakamtoa Mama Julienne, miguu imekufa ganzi. Mwalimu Aristote alichungulia mtumbwini. Akachungulia tena.

“Fanny?”

“Tulishikilia ubao mmoja,” Mama Julienne akanong’ona. “Usiku nikamuita, akaitika. Kulipokucha sikumuona.”

Mwanamke mmoja akainua sauti. Francine akamziba mdomo.

“Bado! Papa, usiuvute mchangani.”

Mikono ya Papa Onésime ilikuwa inatoka damu. Alisogea, akampa mwalimu nafasi na kasia, na mtumbwi ukaondoka hivyohivyo, haukugeuzwa.