Ukoo wa Meza ya Kona

Dobi alifua vitambaa vya meza vya hoteli ile kwa miaka kumi na mmoja bila kuiona meza hata moja. Vitambaa vilimshukia kwa kikapu kule chini, kwenye chumba cha kufulia, naye akavisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Hapa pamemwagika mchuzi. Hapa mtu ameficha mfupa. Hapa mtoto amejifutia pua na mama yake hakuona. Alijua wageni wanakula nini na wanakula vipi. Sura zao ndizo hakuzijua.

Kisha mikono ikamgomea. Ilianza kwa kuwasha, ikaja kupasuka, mwishowe vidole vikawa havikunjiki asubuhi mpaka avipashe moto kwenye kikombe cha chai. Daktari wa zahanati aliigeuza mikono ile upande huu na upande huu, akasema ni sabuni. "Ukiendelea nayo, mama, mwaka kesho hata kijiko kitakushinda."

Afisa wa wafanyakazi hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwamba nje ya kufulia palikuwa na kazi ya aina moja tu, uhudumu kwenye ukumbi wa chakula. Wiki tatu za mafunzo, halafu mtihani mbele ya wageni wa kweli. Akifaulu, atabaki. Asipofaulu, "basi tutaagana vizuri," alisema afisa, na Dobi akaelewa kwamba kuagana vizuri nako ni kuagana.

Aliyefundisha alikuwa Msimamizi wa ukumbi, mwanamume mwembamba aliyesema polepole, kana kwamba maneno ni glasi na yeye anayateremsha moja moja kutoka rafu ya juu. Wanafunzi walikuwa wawili: Dobi, na jamaa mmoja mcheshi aliyewahi kuwa kinyozi. Kila mtu aliendelea kumwita Kinyozi, maana hakuacha kutazama nywele za watu.

Siku za kwanza zilimwendea Dobi vizuri. Trei hukaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa, haikamatwi. Na mkono uliobeba mashuka yaliyolowa miaka yote ile hautetemeshwi na glasi sita. Glasi hushikwa chini, kwa kuwa mdomo wa glasi ni wa mgeni peke yake. Sahani haiondolewi mpaka kisu na uma vilale pamoja. Vikiwa vimeachana, mgeni bado anakula, hata kama sahani imebaki nyeupe.

"Kama mume na mke," alisema Kinyozi. "Wakishalala pamoja, kesi imekwisha."

Msimamizi alifikiri kidogo. "Ndiyo. Unaweza kukumbuka hivyo."

Kilichomshinda Dobi ni namba. Kila kiti kilikuwa na namba yake: cha kwanza ni kile kilichoupa mlango mgongo, kisha unazunguka kufuata mshale wa saa. Anayeandika oda huandika moja, supu, mbili, kuku, basi. Lakini kwa Dobi watu hawakuwa na namba. Watu walikuwa na sura, na sura zina ukoo. Siku ya mazoezi, wafanyakazi sita waliketishwa wajifanye wageni. Dobi aliwasikiliza, akaandika, akampa Kinyozi karatasi. Kinyozi alitoka jikoni na trei, akasimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyeingia msiba usio wake.

"Dobi," alinong'ona, "hapa umeandika 'mjomba, supu.' Mjomba ndiye yupi?"

"Si huyo hapo? Huoni anavyokaa, kama anangoja kuombwa kitu?"

"Na shangazi?"

"Anayekagua kijiko."

"Haya. Na huyu 'shemeji wa mbali'?"

"Huyo asiyejua aangalie wapi."

Mlinzi wa getini, ambaye ndiye aliyekuwa shemeji wa mbali, alicheka mpaka akapaliwa na maji. Msimamizi hakucheka, wala hakukasirika.

"Anayeandika siye anayebeba, mama," alisema. "Kazi ikizidi, sahani zako zitabebwa na yeyote aliye karibu. Ukoo wako unaujua wewe peke yako. Namba tunaijua sote."

Dobi aliona kwamba ni kweli, na ukweli ule ukampunguzia hamu ya kula. Wiki moja na nusu ilikuwa imekwenda. Jioni aliwaketisha binti zake wawili na mama mkwe wake kwenye meza ya nyumbani, akawazunguka na kijitabu mkononi.

"Mimi namba ngapi?" aliuliza mama mkwe.

"Tatu, mama."

"Nimekuzalia mume, nimekulelea watoto, leo mimi ni tatu?"

"Bibi, mimi ni moja!" alisema binti mdogo.

"Nyamaza wewe. Umekaa karibu na mlango tu, hiyo si sifa."

Hata hivyo bibi alikubali kuwa tatu jioni nne mfululizo, na mara mbili aliagiza vitu ambavyo havikuwa ndani ya nyumba, ili mkwewe azoee wageni wasumbufu.

Siku ya tano, ukumbini, Dobi aliandika namba tupu, safi, bila ndugu hata mmoja. Sahani zote zilikwenda mahali pasipo pake. Supu ilimfikia aliyetaka kuku, kuku akamfikia aliyetaka viazi. Msimamizi alichukua kijitabu, akakitazama, akaitazama meza.

"Ulianzia kiti gani?"

"Kilichoupa mlango mgongo."

"Mlango upi?"

Dobi akaonyesha mlango wa jikoni, ule wa kusukuma kwa bega.

"Tunahesabu kutoka mlango wa wageni, mama. Ule wa kioo."

"Ule sijawahi kuingilia."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anavyosema kwamba hajawahi kuonja tunda fulani. Msimamizi aliifunga kalamu yake, akasema, "Twende."

Walitoka kupitia jikoni, wakapita ua wa mapipa, wakalizunguka jengo lote mpaka mbele. Msimamizi alitangulia kupanda ngazi, akafungua mlango wa kioo, akaushikilia.

"Karibu," alisema, kwa sauti ile ile aliyowawekea wageni.

Dobi aliingia. Kutoka pale ukumbi ulikuwa mwingine kabisa. Meza zilimwelekea yeye, na juu yake vitambaa vyake vyote, anavyovijua kimoja kimoja, hata kile chenye doa la zambarau lililomshinda, ambalo mtu mwerevu alikuwa amelifunika kwa chombo cha maua. Alisimama akapumua. Kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya karibu.

"Moja ni huyu anayenipa mgongo."

"Ni kiti kinachokupa mgongo," alimrekebisha Msimamizi taratibu. "Anayekaa hapo hatumjui bado."

Tangu siku hiyo hakukosea namba. Ndugu hawakuondoka kichwani mwake, ila hakuwaandika tena.

Mtihani uliangukia Jumamosi, chakula cha mchana. Dobi aandike, Kinyozi abebe, na Msimamizi asimame kando ya nguzo na fomu yake yenye mistari kumi na nafasi ya saini. Meza ya kona, ile ya duara, ilipata familia ya watu sita. Dobi aliwasalimu, akawapa muda, akarudi, akaanza na kiti cha kwanza. Moja alikuwa mzee wa supu. Akilini akamwita babu. Mbili, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiukagua uma wake kwenye mwanga wa dirisha. Huyo hakuhitaji kufikiriwa. Shangazi.

"Mimi kuku," alisema shangazi. "Samaki simgusi, tafadhali. Nikimla midomo inavimba, na koo linaziba."

"Nimekusikia, mama. Kuku, na mpishi ataambiwa asichanganye vyombo."

Tatu alikuwa msichana mwenye haya na pete mpya. Bi harusi, samaki wa kuchoma. Nne, tano, na sita ambaye alikuwa mjomba mtupu, nyama na viazi. Dobi aliwarudia wote oda zao, akaipeleka karatasi dirishani kwa mpishi, akamweleza habari ya samaki, akaenda kujaza mtungi wa maji.

Aliporudi, kitu kilikuwa kimebadilika. Alihesabu viti. Sita, na watu sita. Kwa namba hapakuwa na kasoro yoyote. Lakini mgongo uliougeukia mlango wa kioo ulikuwa mpana, wa mtu anayengoja kuombwa kitu. Mjomba! Babu alikuwa kiti cha pili, kola ameipandisha shingoni, akiilalamikia feni iliyokuwa juu ya kiti chake cha mwanzo. Ili kumnusuru walikuwa wamesogea wote, mmoja mmoja, kama shanga kwenye uzi. Na pale kwenye kiti cha tatu, cha samaki, shangazi alikuwa sasa anakagua kijiko.

Kinyozi alikuwa ameshatoka jikoni. Kwenye trei yake kulikuwa na sahani mbili, kuku na samaki, naye alibakiza meza tatu tu kufika.

Kupiga kelele ukumbini ni mwiko. Kukimbia ni mwiko mkubwa zaidi. Mhudumu anayekimbia huwaambia wageni kwamba kuna moto. Dobi aliuweka mtungi kwenye meza ya kando, akatembea, na akasimama mbele ya Kinyozi.

"Pisha, Dobi, sahani zinaunguza."

"Ukoo umehama."

"Umehamia wapi?"

"Kiti kimoja mbele, wote. Kuku apelekwe tatu. Samaki nne."

"Karatasi yako inasema mbili na—"

"Karatasi inasema viti. Viti viko pale pale."

Kinyozi aliitazama trei, akaitazama meza. "Tatu ni yule anayekagua kijiko?"

"Ndiye."

"Shangazi," alisema Kinyozi, na uso wake ukafunguka. "Haya, nimempata."

Aliweka kuku mbele ya shangazi na samaki mbele ya bi harusi. Shangazi aliinama, akanusa, akamtazama Kinyozi.

"Hajapikwa pamoja na samaki?"

"La, mama. Mpishi aliambiwa mapema."

Dobi alikuwa ameshafika kwenye dirisha la jikoni. Alizikata namba zote sita kwa mstari mmoja mmoja, akaandika mpya pembeni, kubwa kubwa, ili asome yeyote. Vidole vilimuuma kidogo kwenye kalamu, lakini vilikunjika.

Familia ile ilikula, ikanywa chai, ikaondoka. Ndipo Msimamizi aliposogea kutoka kwenye nguzo.

"Niliwaona wakihama," alisema. "Nilikuwa ninakuja kumzuia Kinyozi. Ulijuaje?"

"Namba niliviwekea viti, kama ulivyonifundisha. Lakini watu nao nilikuwa nimewaweka. Kichwani tu."

Msimamizi aliandika kitu, akakisoma tena alichoandika. "Na mimi umeniweka wapi?"

Dobi akatazama sakafu. "Mkwe."

Kinyozi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Mkwe," alisema Msimamizi, akilionja neno. "Kwa hiyo unanikimbia?"

"Ninakuheshimu, bwana. Kula na wewe meza moja ndiyo siwezi."

Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Msimamizi alicheka, kicheko kifupi, kikavu. Akaweka saini chini ya fomu. "Jumatatu, saa moja asubuhi. Viatu vyeusi, visigonge sakafu." Akaenda zake kuwaona wageni wa dirishani.

"Umesikia?" alinong'ona Kinyozi. "Viatu vyeusi! Umebaki, Dobi!"

Dobi alikuwa ameanza kuitandua meza ya kona. Mahali pa babu palikuwa na doa la supu, la manjano, bado bichi. Kidole gumba chake kililifikia kabla hajafikiri, kikaanza kusugua. Akakisimamisha.

"Maji baridi kwanza," alisema, kana kwamba anayefua kule chini sasa anamsikia. Akakikunja kitambaa, doa likiwa ndani, akakitumbukiza kikapuni, akachukua kisafi.